Mtoi Akikataa Uji, Msikimbilie Kulaumu Ziwa

Kuna kesi moja ambayo kila ploti Nairobi ina majaji wa kuihukumu. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi mitatu. Akiona kijiko anafunga mdomo kama duka siku ya maandamano. Viazi anatema, uji anamwaga, ugali anauchezea. Lakini nyonyo? Hiyo anaitafuta hata mamake akiwa amelala. Hukumu inatoka chapchap: "Mtoe ziwa, njaa itamfunza." Mwingine anaongeza: "Mbane pua, mdomo utajifungua wenyewe." Na yule mama, pengine ana miaka 21, rika letu kabisa, anabaki kuamini ameharibu mtoto kwa maziwa yake mwenyewe.

Mimi nasema hiyo kesi ilishasikizwa. Karibu miaka mia iliyopita, madaktari wawili wanawake waliichunguza, mmoja Marekani na mwingine Afrika Magharibi. Majibu yao hayakufika kwa ploti, basi wacha tuyalete.

Tuanze Marekani. Mwaka wa 1894 daktari wa New York, Luther Emmett Holt, alitoa kitabu cha kufundisha akina mama na yaya kulisha watoto. Mambo yalikuwa kwa saa na kwa kipimo: ale hiki, kiasi hiki, wakati huu. Kitabu kilisomwa miaka na miaka. Kwa malezi ya aina hiyo, mtoto akikataa chakula anaonekana mkaidi tu, na mkaidi dawa yake ni nidhamu.

Halafu akaja Clara Davis. Kuanzia 1926, kwanza Cleveland kisha Chicago, alichukua watoto waliokuwa na umri wa kati ya miezi 6 na 11, ambao walikuwa hawajawahi kula chakula cha watu wazima. Mwishowe walifika 15. Orodha yake ilikuwa na vyakula 34: nyama, maini, samaki, mayai, maziwa, nafaka, matunda, mboga, hata chumvi kando kwa kibakuli chake. Kila mlo waliwekewa trei yenye vyakula tofauti tofauti. Nesi aliketi kimya na kijiko mkononi. Hakuna kubembeleza, hakuna kukunja uso. Mtoto akinyoosha mkono kwa kitu, analishwa hicho. Asiponyoosha, basi.

Wasee, hao watoto walikula vituko. Mmoja kiamsha kinywa chake kilikuwa juisi ya machungwa na maini. Mwingine chajio ni mayai kadhaa, ndizi na maziwa. Wengine walishikwa na wazimu wa chakula kimoja siku kadhaa, halafu wakakiacha kabisa. Mtoto mmoja aliyeingia na matege aliwekewa mafuta ya ini la samaki kwa trei. Alikunywa alivyotaka mpaka mifupa ikapona, kisha hakuyagusa tena. Davis alikusanya rekodi zaidi ya 36,000 za milo. Ukiangalia siku moja, unaona fujo. Ukiangalia miezi, unaona watoto waliojaa afya.

Sitaficha upande mchungu. Hao walikuwa watoto wa wajane maskini na wasichana waliozaa mapema, wakakaa hospitalini muda mrefu wakifanyiwa majaribio. Leo hilo halingeruhusiwa, na ni vizuri hivyo.

Na kabla hujamwambia mtu "sayansi imesema mtoto achague mwenyewe", ngoja. Davis mwenyewe alisema ujanja wote ulikuwa kwa ile orodha. Hapakuwa na sukari, hapakuwa na chakula cha mkebe. Chochote mtoto alichochagua kilikuwa chakula cha maana. Alitaka baadaye ajaribu na vyakula vya viwandani, lakini uchumi wa Marekani ulianguka na pesa za utafiti zikaisha. Kwa hivyo mtoi anayechagua kati ya krispi na soda hachagui kitu. Mtu mzima ameshamchagulia.

Sasa tuvuke hadi Accra, kwa sababu hapo ndipo ile "mtoe ziwa" inajibiwa. Sote tunalijua neno kwashakoo. Shule ya msingi tulilitumia kutaniana, yule mwenye tumbo kubwa na miguu myembamba. Hilo neno ni la Kiga, lugha ya watu wa Accra. Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, alifika huko 1929, wakati Ghana ikiitwa Gold Coast. Aliona watoto waliovimba miguu, ngozi inabambuka, nywele zinabadilika rangi. Badala ya kuwafokea mama zao, aliwauliza: nyinyi huu ugonjwa mnauitaje? Wakamwambia. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kwa nafasi yake mdogo wake anapozaliwa.

Yaani akina mama walikuwa wameshaujua. Mtoto ametolewa ziwa, akabaki na uji wa mahindi mtupu. Williams aliandika kuhusu ugonjwa huo 1933, na 1935 akalichapisha lile jina lenyewe. Wataalamu wengine walimbishia, wakidai ni pelagra tu. Muda ukampa haki.

Hapa jirani, hospitali ya Mulago, Kampala, ilianzisha kitengo cha Mwanamugimu miaka ya 1960. Mama analazwa pamoja na mtoto, na anafundishwa kupika kitobero, mchanganyiko wa vyakula vya kwao: matoke na maharagwe au njugu, kwa mfano. Hakuna anayeambiwa ziwa ndilo adui.

Weka hao madaktari wawili pamoja, jibu linajitokeza. Kumtoa mtoto ziwa ghafla ndio apende uji mweupe ni kumrudisha kwa njia ileile ya kwashakoo. Lakini pia, baada ya miezi sita maziwa ya mama peke yake hayatoshi, hasa madini ya chuma. Kwa hivyo ziwa linaendelea, hata miaka miwili na zaidi, na chakula kinaendelea kuja mezani. Mpe chakula kwanza, nyonyo baadaye. Weka omena, yai, ndengu, avokado, ashike na mkono wake, achafuke. Kazi yako ni kuweka kitu cha maana. Kiasi ataamua yeye.

Pia kumbuka mwaka wa pili mtoto hakui kwa kasi ya mwaka wa kwanza, kwa hivyo hamu ya chakula kushuka si uchawi. Kinachosema ukweli ni kile kijitabu cha kliniki. Uzito ukisimama au ukishuka, akilegea, akivimba miguu, hapo hakuna kungoja, ni hospitali mara moja.

Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 18 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, kutoka 26 mwaka wa 2014. Tumesonga, lakini hao bado ni watoto wengi sana. Ukitaka kumsaidia yule mama wa ploti yenu, punguza hukumu. Ukitoka sokoni, mpelekee mayai.