Sauti Nzuri Inataka Nyumba Tulivu

Wapenzi wa muziki wana ugomvi wao usiokwisha, kama ule wa Simba na Yanga. Ni ugomvi wa hedifoni. Upande mmoja wamo wanaoshabikia hedifoni za mgongo wazi, yaani zile ambazo vifuniko vyake vya nje vina matundu au wavu, sauti inatoka na kuingia itakavyo. Upande wa pili wamo wa hedifoni za mgongo uliofungwa, ambazo vikombe vyake havina tundu, na ukizivaa dunia inabaki nje. Ukiwauliza wajuzi wengi ipi ina sauti bora, watakujibu bila kusita: ya wazi. Mimi nasema jibu hilo ni nusu tu. Nusu ya pili imo katika historia, na historia hiyo, ndugu msomaji, inatuhusu sisi vijana wa mjini kuliko tunavyodhani.

Tuanze na jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Ndani ya kila kikombe cha hedifoni mna utando mwembamba unaotetemeka, mfano wa ngozi ya ngoma. Utando ukienda mbele unasukuma hewa kuelekea sikioni. Papo hapo, kwa nyuma, unaivuta hewa. Kwa hiyo kila sauti inazaliwa pacha: mmoja anakwenda kwa msikilizaji, mwenzake anakwenda nyuma. Sasa huyu pacha wa nyuma apelekwe wapi? Ukimwachia aende zake, umetengeneza hedifoni ya wazi. Ukimfungia ndani, umetengeneza ya kufungwa. Hakuna njia ya tatu isiyokuwa mchanganyiko wa hizo mbili.

Hapo mwanzo hakuna aliyejisumbua na swali hilo. Mwaka 1910 Mmarekani mmoja wa jimbo la Utah, Nathaniel Baldwin, aliliandikia barua jeshi la wanamaji la nchi yake kuwaarifu kwamba ametengeneza visikilizio vyenye nguvu kuliko vilivyokuwapo. Wanamaji walivijaribu, wakavipenda, wakataka vingi. Baldwin akawajibu kwamba hawezi kutengeneza zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja, kwa sababu kiwanda chake kilikuwa jiko la nyumbani kwake. Fikiria jamani! Tazama pia wateja wenyewe walikuwa nani. Hawakuwa watu wa kustarehe. Walikuwa waendesha simu za upepo melini, mtu amekaa katikati ya mngurumo wa injini, anatafuta alama hafifu iliyotoka mbali. Huyo alitaka kitu cha kumziba masikio.

Mwaka 1937 mjini Berlin, kampuni ya Eugen Beyer ilitoa DT 48, ya kwanza kutumia koili inayocheza ndani ya sumaku kama spika za kawaida. Nayo ilikuwa ya kufungwa, na iliendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1958 huko Milwaukee, Marekani, John C. Koss akatoa SP/3, hedifoni ya kwanza ya stereo iliyouzwa kwa ajili ya kusikiliza muziki. Yeye alikusudia kuuza kinanda cha santuri cha kubebeka, hedifoni ikiwa nyongeza tu. Watu wakaipita santuri, wakaigombea nyongeza. Hiyo nayo ilikuwa ya kufungwa. Yaani kwa karibu nusu karne, kuvaa hedifoni kulikuwa ni kufunga mlango.

Aliyeufungua alikuwa Mjerumani, kampuni ya Sennheiser kutoka kijiji cha Wennebostel, karibu na Hannover. Mwaka 1968 walitoa HD 414, wakaitangaza kuwa hedifoni ya kwanza ya wazi duniani. Ilikuwa nyepesi, ina sponji za njano zinazogusa sikio badala ya kulifunika, na haikumwacha mtu masikio yakitota jasho. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Mwaka 1979 Sony walipotoa Walkman, hedifoni zake nyepesi za sponji zilifuata njia hiyohiyo ya uwazi. Kila aliyewahi kupanda basi karibu na mwenye Walkman anaijua ile "chi-chi-chi" iliyomtoka masikioni. Ndiye pacha wa nyuma huyo, anatembelea majirani.

Kwa nini basi wajuzi wanazipenda za wazi? Sababu ni ya kweli, tusiibeze. Ndani ya kikombe kilichofungwa, sauti ya nyuma inagonga ukuta, inarudi, inapenya utando na kufika sikioni ikiwa imechelewa. Ile mpya inakutana na mwangwi wa ile iliyotangulia, sauti inakuwa kama ya mtu anayezungumza ndani ya pipa. Mafundi hujaza sufu au sponji ndani ili kuunyonya mwangwi huo, lakini hauishi wote. Hedifoni ya wazi haina ukuta, kwa hiyo haina ugonjwa huo. Ila nayo ina upungufu wake: katika besi nzito, mawimbi ya mbele na ya nyuma yana nafasi ya kukutana na kuuana, ndiyo maana nyingi zinapungukiwa pale chini kabisa.

Haya nimeyasikia kwa masikio yangu. Mshkaji wangu mmoja ana studio ndogo ya kurekodia Sinza, na humo ana Sennheiser HD 600, ya wazi, aina iliyotoka mwaka 1997, pamoja na Beyerdynamic DT 770, ya kufungwa, ambayo ukoo wake ulianza mwaka 1985. Mchana mmoja aliniachia zote mbili. Niliweka taarab ya orkesta ya Ikhwani Safaa ya Zanzibar, kwa sababu mna vyombo vingi na kila kimoja kina mahali pake. Kwenye HD 600 fidla zilisimama mbali kidogo na kichwa changu, kanuni ikawa pembeni, na mwimbaji akawa mbele yao wote. Niliweza kumfuata mpiga kanuni peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama unavyomfuata mtu unayemjua kwenye kundi la watu. Nilipovaa DT 770 watu walewale walisogea karibu, kana kwamba chumba kimepungua. Lakini lile besi kubwa la nyuzi, bwana, lilipata mwili! Kila nyuzi ilipovutwa niliisikia mpaka kifuani. Sauti za juu zilikuwa kali zaidi, herufi "s" za mwimbaji zikichoma kidogo. Mshkaji, ambaye ana miwani, alinionyesha na jambo jingine: mkono wa miwani ukiinua mto wa hedifoni ya kufungwa hata kidogo tu, hewa inavuja na besi inakimbia.

Ikafika jioni, akafungua mlango wa studio ili upepo uingie. Mimi nimevaa HD 600. Zikaingia honi za daladala, jenereta la saluni ya jirani, na kijana wa kuuza kahawa akigonga vikombe. Orkesta nzima ilizama. Fidla zilizokuwa mbali zikaenda mbali zaidi, na kanuni sikuiona tena. Nilipovaa DT 770, Zanzibar ikarudi.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Hedifoni ya wazi haikudanganya, ila ilitengenezwa kwa masharti ambayo hayaandikwi kwenye boksi. Inakutaka uwe na chumba chako, milango inayofunga vizuri, barabara iwe mbali, na asilale mtu kando yako atakayeamshwa na pacha wa nyuma. Mimi nimepanga chumba Manzese. Ukuta wangu na wa jirani ni mmoja, na redio yake ni yangu pia. Nikiambiwa "hedifoni bora ni ya wazi", nasikia: "nyumba bora ni ya watu wachache." Hata studioni wanalijua hilo. Mwimbaji anapewa ya kufungwa ili muziki usivujie kwenye kipaza sauti, na fundi anavaa ya wazi anapochanganya sauti, tena mlango ukiwa umefungwa.

Matajiri nao wameanza kuutafuta ukimya kwa bei. Amar Bose, profesa wa Marekani, mwaka 1978 alikuwa ndani ya ndege akitoka Ulaya, mngurumo ukamharibia muziki, akaanza kupiga hesabu za kuufuta kwa umeme. Hedifoni za marubani zilitoka mwaka 1989, na za abiria wa kawaida mwaka 2000. Sennheiser wenyewe, walioufungua mlango, mwaka 2018 waliurudisha: walichukua ukoo wa HD 800, fahari yao ya wazi, wakaufunika kwa kioo kilichopinda kinachoipeleka sauti ya nyuma kwenye vijumba vya kuinyonya. Wakaiita HD 820, bei dola 2,400 za Marekani. Wafaransa wa Focal wakafanya kama hayo kwa utando wa beriliamu: Utopia ya wazi mwaka 2016, Stellia ya kufungwa mwaka 2019. Wapo wengi waliozisikiliza na bado wakapendelea zile za wazi. Lakini mtengenezaji hafungi kitu chake bora bila sababu. Kelele zimewafikia hata wenye nyumba kubwa.

Nawaandikia haya waandishi wenzangu, maana nasi tuna wajuzi wetu wanaotuambia kazi nzuri huandikwa kwenye utulivu. Ni kweli, kama ambavyo HD 600 ni nzuri kweli. Ila wengi wetu tunaandika katika chumba chenye watu wanne na taa moja. Tusijihukumu kwa kipimo kilichotengenezewa nyumba ya mtu mwingine. Mwendesha simu za upepo alipokea ujumbe wake katikati ya injini, na ujumbe ulifika.

Basi ukijaliwa fedha ukaenda kununua hedifoni, muuzaji atakuuliza una shilingi ngapi. Wewe jiulize kwanza utasikilizia wapi, na nani atakuwa kando yako. Mwenye hoja tofauti na aandike, kurasa hizi ni zetu sote.