Wundanyi: Vitu Unafaa Kujua Kabla Uhamishe Vyombo

Umepata job ya kaunti, ama umeitwa chuo kule Ngerenyi, na sasa unauliza Wundanyi ni wapi. Skia. Ni mji mdogo ndani ya milima ya Taita, takriban mita 1,400 juu ya bahari, na maisha yake si ya Voi hata kama kaunti ni moja.

KUFIKA: Ukitoka Nairobi ama Mombasa, shuka Voi. Kuna mabasi ya barabara kuu, na tangu 2017 kuna SGR, lakini panda ile treni ya kusimama njiani, ile ya moja kwa moja itakupita na Voi. Hapo dandia mathree ya kupitia Mwatate. Kutoka Mwatate ni kupanda tu, kona baada ya kona. Kama tumbo lako ni jepesi, kaa mbele. Na usingoje usiku uingie ndio utafute gari.

KAZI: Hapa ndio wasee wengi huchanganyikiwa. Makao makuu ya kaunti ni Mwatate, bunge la kaunti liko Wundanyi, na biashara kubwa iko Voi. Kabla ulipe deposit ya keja, uliza boss ofisi yako iko mji gani. Ukikosea, mshahara utaishia kwa fare.

HALI YA HEWA: Voi ni joto na vumbi, huku juu ni ukungu. Kuanzia Juni hadi Agosti baridi si mchezo. Blanketi nzito na sweta ni lazima, feni wachia mtu wa Voi.

MSOSI: Mlimani watu wanalima kwa matuta, na mboga za Werugha na Mgange zinashuka hadi Mombasa. Wewe uko kwa chanzo, so sukuma na kabeji utakula fresh. Ukikaribishwa kimanga, usikatae.

SHAMBA: Kwa ramani hii kaunti ni kubwa kushinda Nairobi zaidi ya mara 20, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671 pekee. Usidanganyike. Karibu asilimia 62 ni mbuga ya Tsavo, Mashariki na Magharibi. Huko chini ndovu huingia shambani na kumaliza mahindi usiku mmoja. Huku juu ndovu hawakusumbui, lakini mashamba ni vipande vidogo vya familia, vimegawanywa kizazi baada ya kizazi. Ukiona ploti ya bei chee, usitoe doo kabla uongee na wenye boma, majirani na ofisi ya ardhi.

WIKENDI: Klabu ukitaka, shuka Voi. Ukibaki, panda Vuria, kilele kirefu zaidi hapa, zaidi ya mita 2,200. Msitu wa Ngangao una ndege ambao hawapatikani kwingine duniani ila milima hii. Usikate mti huko, maji ya mfereji wako yanategemea hiyo misitu.

MAJIRANI: Mji ni mdogo, wiki mbili tu na kila mtu anakujua. Salimia wazee, na jifunze Kidawida kidogo. Siku umeugua ama umekwama bila ganji, ni hao watakubishia mlango.

So, ukipenda raha na shughuli, panga Voi. Ukitaka utulivu na kusave, panda mlima.