Sahihi Halali, Programu Feki: Mianya Miwili ya Android Unayopaswa Kuijua

Mtu amekutumia faili la APK kwa WhatsApp, anakwambia ni apdeti ya programu unayoitumia kila siku. Simu yako itajuaje kama ni yenyewe au imechezewa? Inaangalia sahihi ya kidijitali. Shida ni kwamba ukaguzi wa sahihi hiyo umeshawahi kudanganywa, tena si mara moja. Twende taratibu.

Sahihi ya kidijitali ni nini?

Kila mtengenezaji wa programu za Android ana ufunguo wake wa siri. Akimaliza kazi, anautumia kuitia programu sahihi. Mtu akibadilisha chochote ndani, sahihi inakataa. Ni kama bahasha iliyofungwa kwa lakiri.

Wakati wa apdeti, simu inalinganisha sahihi ya toleo jipya na ya lile la zamani. Zikifanana, toleo jipya linarithi kila kitu: ruhusa ya kamera, meseji, namba za watu na data zako zote. Zisipofanana, simu inagoma. Hapo ndipo mwizi anapotaka kupenya.

Mwanya wa kwanza: Master Key

Julai 2013, kampuni ya usalama ya Bluebox ya Marekani ilitangaza mwanya uliokuwepo tangu Android 1.6 ya mwaka 2009.

APK ni faili la zip, yaani mkoba wenye mafaili mengi ndani. Mdukuzi aliweza kuweka humo mafaili mawili yenye jina moja, la halali na la kwake. Sehemu ya mfumo inayokagua sahihi ilisoma lile la halali, ikaruhusu. Sehemu inayoendesha programu ikachukua la mdukuzi. Mlinzi kakagua begi moja, limeingia jingine!

Mwanya wa pili: Janus

Desemba 2017, watafiti wa GuardSquare ya Ubelgiji walieleza mwanya mwingine, uliopewa jina la mungu wa Warumi mwenye nyuso mbili. Uligusa Android kuanzia toleo la 5 hadi la 8.

Zip husomwa kuanzia mwisho wa faili. Faili la DEX, lenye maagizo ya programu, husomwa kuanzia mwanzo. Basi mdukuzi alibandika DEX yake mbele ya APK halali. Mkaguzi akaanzia nyuma, akaona kila kitu kipo sawa. Simu ikaanzia mbele, ikaendesha maagizo ya mdukuzi.

Google ilitoa tiba mwezi huohuo. Pia tangu Android 7.0 kuna mtindo mpya wa sahihi unaofunga faili zima, si vilivyomo ndani tu. Programu zilizotiwa sahihi kwa mtindo wa zamani pekee ndizo zilizokuwa hatarini, pamoja na simu zisizoujua mtindo mpya.

Kumbuka, katika visa vyote viwili hakuna ufunguo ulioibiwa. Anayekagua na anayeendesha walisoma faili moja kwa njia mbili tofauti, basi.

Wewe ufanye nini?

1. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, uangalie tarehe ya sasisho la usalama. Ikiwa ni ya kabla ya Desemba 2017, simu hiyo haina tiba ya Janus. Angalia hili hasa unaponunua simu iliyokwisha kutumika.

2. Pakua programu na apdeti kutoka Play Store, si kwenye magrupu.

3. Ukiambiwa "futa kwanza programu ya zamani ndipo hii ikubali", simama hapohapo. Mara nyingi maana yake ni kwamba sahihi hazifanani, na anayekuelekeza anataka uiondoe kinga yako kwa mkono wako mwenyewe.

Je, simu yako ina sasisho la lini? Kaangalie sasa hivi, halafu mjulishe na mwenzako.