Posho ya Safari: Habari za Roketi

Sisi walimu tukaao Ntalikwa, katika nchi ya Tabora, huwaona baadhi ya wanafunzi wetu wakiona haya babu zao wakitajwa kuwa wapagazi, kana kwamba kazi ile ilikuwa ya mabega tu. Ilikuwa kazi ya hesabu pia, na hesabu ile ile ndiyo iliyowasumbua wataalamu wa roketi.

Msafara uliotoka pwani ulinunua chakula vijijini kwa nguo na ushanga. Lakini baina ya Ugogo na Unyanyembe palikuwa na Mgunda Mkali, pori kame lenye vijiji haba. Hapo ilipasa kuchukua posho, na kila ratili ya posho ilipunguza nafasi ya bidhaa.

Vyombo vya angani navyo vina njia hizo mbili. Injini ya ndege hupata riziki yake njiani, maana huvuta hewa iliyo mbele ili ichome mafuta. Lakini ndege ikipita mwendo wa sauti, hewa haiwahi kupisha. Hushindiliwa mbele ya mdomo wa injini, ikawa wimbi la kishindo. Wimbi hilo likikaa mahali pabaya, injini hutikisika na nguvu hupotea. Katika miaka ya 1930 serikali ya Italia ilijenga maabara huko Guidonia, karibu na Roma, ili kuchunguza mwendo wa namna hiyo. Antonio Ferri alifanya kazi huko, na mwaka wa 1944 alikwenda Marekani, akaendelea kuichunguza midomo hiyo katika maabara ya serikali ya Langley.

Juu kabisa hakuna hewa ya kuvuta. Huko ndiko Mgunda Mkali. Roketi hujichukulia vyote viwili, kitu cha kuchomwa na oksijeni ya kukichomea. Kwa hiyo karibu uzito wake wote ni posho. Ndiyo sababu huundwa kwa vipande: kipande kilichokwisha posho huachwa, kilichobaki kikaenda chepesi.

Roketi ya Scout, yenye vipande vinne, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, katika kazi iliyoongozwa na Luigi Broglio wa Italia kwa shirika na Marekani. Mahali pale pako karibu na ikweta, ambapo mzunguko wa dunia huisaidia roketi iendayo mashariki. Tarehe 26 Aprili 1967 ilipeleka San Marco 2. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilipeleka chombo cha Marekani cha kuchunguza miali ya eksirei itokayo mbinguni, nacho kikaitwa Uhuru. Urushaji ulikoma mwaka wa 1988.

Jina lilikuwa la Kiswahili. Hesabu zilikuwa za wageni. Basi, walimu wenzetu, waulizeni watoto hivi: mpagazi awezaye kuchukua ratili 70, akila ratili moja na nusu kila siku, avuke pori kwa siku 10, atakuwa na nafasi ya ratili ngapi za bidhaa? Mtoto atakayejibu 55 ameanza kuielewa roketi, na hataona haya tena juu ya babu yake.