Mgonjwa na Shauri Lake

Lugha yetu ina neno ambalo hospitali ililikuta nyumbani, nalo ni kuuguza. Kabla halijawa jina la kazi ya mshahara lilikuwa jina la wajibu wa ndugu. Mtu aliyekesha kando ya kitanda cha mama yake alisema, "Ninauguza," na jirani akafahamu kuwa nyumba nzima imo katika ugonjwa ule. Shauri la dawa, la mganga na la gharama lilikuwa shauri la ukoo. Sisemi kuwa ukoo ulikuwa mwadilifu siku zote, kwani mke au kijana aliweza kuamuliwa pasipo kuulizwa. Nasema tu kuwa ugonjwa ulikuwa jambo la kushauriana, na kwamba muuguzi wa kwanza alikuwa mmoja wa washauri hao.

Katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, Wamoraviani walijenga kituo cha misheni Mbozi, kwa Wanyiha, mwaka 1899. Kanisa hilo lina hospitali Mbozi, na nyingine Isoko katika Ileje. Huko, kama kwingineko, hospitali ilileta wokovu mwingi, lakini ilileta na sarufi mpya. Mgonjwa analazwa, anapimwa, anachomwa sindano, anaruhusiwa. Vitenzi vyote hivi ni vya kauli ya kutendwa. Tusimlaumu muuguzi kwa sarufi hii. Tangu Florence Nightingale alipofungua chuo chake London mwaka 1860, uuguzi ulifundishwa kama kazi ya nidhamu, na muuguzi aliwekwa chini ya amri ya daktari. Aliyefundishwa kutii si ajabu akafundisha kutii.

Ndugu, hata hivyo, hawakuondoka. Walibaki uani wakipika uji, wakafua nguo, wakamgeuza mgonjwa wao usiku. Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi, yaani kushiriki kwa mkono na kushiriki kwa shauri. Ndugu anayebeba beseni ameshiriki kwa mkono. Mgonjwa anayemeza kidonge alichoamriwa ameshiriki kwa kinywa. Wote wawili wanaweza kurudi kwao bila kuulizwa neno hata moja. Muuguzi anayedhani kuwa msaada wa namna hiyo ndio ushiriki amepata watumishi wa bure, hajapata washirika.

Historia ya taifa letu inaonyesha jinsi shauri lilivyorudi polepole. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao 2,000,000 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria, maji na vyoo, kisha wakachimba vyoo vyao kwa mikono yao. Watu walikuwa wameaminiwa kufahamu sababu, wala hawakupewa amri peke yake.

Mwaka 1977 ulianza mpango wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma, ukisaidiwa na daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia, ambaye mwenyewe aliwahi kuugua kifua kikuu katika kambi ya mateso wakati wa vita. Kazi iliyofanyika Tanzania ikawa kielelezo cha dunia. Msingi wake mmoja ulikuwa kwamba mgonjwa ameze dawa mbele ya macho ya mhudumu, na kwa miaka mingi wengi walilazwa miezi miwili ya mwanzo ili waangaliwe. Maelfu walipona. Lakini jicho linalotazama si sikio linalosikiliza. Aliyeishi mbali, au aliyekuwa na watoto wa kulisha, alilazimika kuchagua baina ya dawa na riziki. Ndipo mwaka 2006 mpango huo ulipoanza kumpa mgonjwa hiari ya kumeza dawa kituoni, au kuimeza nyumbani mbele ya msimamizi aliyemchagua mwenyewe. Kidonge kilibaki kidonge. Aliyebadilika ni mwenye kuamua.

Maana ya badiliko hilo huonekana wazi Tunduma. Mji huu wa mpakani ni njia ya malori yaendayo Zambia na Kongo, na reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, hupita hapo. Tuseme dereva amekutwa na kifua kikuu. Tiba yake ya kawaida ni miezi sita, na ukoo wake uko mbali. Muuguzi anaweza kumwambia, "Njoo kila asubuhi," naye ataitikia, kisha ataondoka na lori asirudi. Muuguzi mwingine atamwuliza, "Safari yako ijayo ni lini? Nani huwa pamoja nawe njiani?" Huenda jibu likawa ni utingo wake, na huyo akawa msimamizi. Mpango huo hauwezi kupatikana katika kitabu cha tiba, kwa kuwa anayeujua ni mgonjwa peke yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kizuizi kimoja ni adabu yetu wenyewe. Mzee wa Momba, mwenye kufikiri kwa Kinyamwanga, akiulizwa kwa Kiswahili cha haraka, "Umeelewa?" hujibu, "Ndiyo, mwanangu," kwa heshima. Muuguzi mwenye busara humwamkia shikamoo kwanza, kisha humwomba aeleze atakavyomeza dawa akifika kwake. Katika maelezo hayo kosa hujitokeza pasipo mzee kuaibishwa.

Watasema wauguzi kuwa wodi imejaa na mikono ni michache. Ni kweli, na serikali haina budi kuisikia kweli hiyo. Lakini dakika ya swali ni fupi kuliko miezi ya kuanza tiba upya. Wala muuguzi hatoi zawadi anapouliza. Anarudisha shauri kwa wenyewe, mahali neno la kazi yake lilipotoka.