Ukoo wa Mkarafuu
Sisi watoto wa Pemba tumekulia kwenye karafuu: kuchuma, kuchambua makonyo, kuanika majamvini. Zambarau tulizila tukiwa njiani, hatujui kuwa mzambarau na mkarafuu ni ndugu wa jenasi moja, Syzygium. Mpera na mkaratusi nao ni wa ukoo wa mkarafuu, ulio mpana kuliko jenasi, ingawa kila mmoja una kwao: mpera Amerika, mkaratusi Australia, mkarafuu visiwa vya Maluku, Indonesia. Mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sultani Sayyid Said akahimiza upandwe kwa wingi. Kimbunga cha 1872 kikaangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Pemba ikashika usukani wa zao hilo. Asiyeamini undugu huu afikiche jani la mkarafuu, la mpera na la mkaratusi, anuse: yote yana mafuta yanayonukia.