Mieleka ya kwenye runinga: pigo la mwisho hufundishwaje?

Wapo wasikilizaji wanaotuuliza: mwanamieleka akigeuzwa kichwa chini na kukitwa ulingoni, mbona anainuka mzima?

Jibu ni mazoezi. Mshindi hupangwa kabla, na pigo la mwisho ni kazi ya watu wawili wanaoelewana. Katika kituo cha mafunzo cha WWE kilichofunguliwa Orlando, Marekani, mwaka 2013, mwanafunzi huanza kwa kujifunza kuanguka: kidevu kifuani, mgongo wa juu utue, mikono ipige sakafu ili kishindo kisambae. Kumbeba mwenzake huja baadaye. Katika Tombstone ya The Undertaker, kichwa cha anayebebwa hubanwa katikati ya mapaja, juu ya usawa wa magoti. Magoti ndiyo yanayotua.

Hata wazoefu huumia. Agosti 1997 Owen Hart alimkita Steve Austin kwa pigo kama hilo, lakini akatua kwa makalio. Kichwa cha Austin kikagonga ulingo, shingo ikaumia, mwili ukakosa nguvu kwa muda.

Wazazi, watoto wakiigiza mapigo haya, wakatazeni. Aliyeumia shingo msimnyanyue wala kumkalisha. Mwacheni alivyolala, kichwa kisisogezwe, huku mkiita mhudumu wa afya.